Akisukuma f6 kwenye hatua ya pili, muadhibu hivi

Nacheza sataranji mtandaoni, michezo ya dakika kumi kumi, na kuna kosa moja la wapinzani ambalo halijaacha kunitembelea. Mimi mweupe nacheza e4 (herufi ni safu ya ubao, a hadi h; namba ni mstari, 1 hadi 8 kuanzia upande wa mweupe), mpinzani anajibu e5. Natoa farasi wa kulia hadi f3, anamvizia askari wa e5. Mpinzani angemtoa farasi wake c6 mambo yangekwenda vizuri. Yeye anasukuma askari wa f7 hadi f6. Moyoni anasema: askari kamlinda askari mwenzake, hakuna la kuogopa.

Hatua hiyo ina jina la Damiano, Mreno muuza dawa aliyechapisha kitabu cha sataranji huko Roma mwaka 1512. Masikini, yeye mwenyewe aliikosoa, lakini jina limemganda.

Kabla hujagusa kete, jiulize: askari huyu alipoondoka f7, kaacha nini wazi? Mshazari unaotoka h5 hadi e8, alipokaa mfalme. Tena amekalia f6, nyumba ambayo farasi wa g8 angeitaka. Anayejua hayo mawili hahitaji kukariri mengi.

Sasa kula askari wa e5 kwa farasi. Ndiyo, unamtoa farasi mzima kwa askari mmoja. Mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka. Akimla farasi wako kwa askari wa f6, peleka malkia h5, cheki: mfalme wake anashambuliwa na lazima ajibu. Ana njia mbili tu za kujibu: kusukuma g6, au kumpeleka mfalme e7. Akisukuma g6, malkia anakula askari wa e5 kwa cheki, na hapo hapo anaitazama ngome ya h8. Atazuia cheki, wewe utakula ngome. Ukishaila, usilale: malkia wako yuko pembeni peke yake, kwa hiyo angalia hatua zake za kutokea kabla ya kufurahi.

Akimpeleka mfalme e7, malkia anakula e5 vile vile, cheki tena. Mfalme anakimbilia f7. Hapo toa askofu c4, cheki nyingine. Akikimbilia g6, malkia f5 cheki, mfalme h6, kisha sukuma askari wa d hadi d4. Askofu wa c1 aliyekuwa amejificha nyuma ya askari huyo ndiye anayetoa cheki. Mfalme aliyefika h6 akiwa na kete zake zote nyumbani harudi salama.

Mpinzani mwerevu kidogo atajibu askofu wa c4 kwa kusukuma d5. Mle kwa askofu, cheki. Mfalme anakwenda g6, nawe sukuma askari wa h hadi h4, kumtishia kwa h5. Mara nyingi anajibu h6 ili mfalme apate nyumba ya h7. Na hapa ndipo penye hatua ninayoipenda kuliko zote: kula askari wa b7 kwa askofu! Inaonekana ni kichaa, mfalme yuko upande ule na wewe unachuma matunda upande huu. Lakini askofu wake wa c8 ndiye pekee anayelinda f5. Akishawishika akala b7, malkia wako anatua f5 na ni chekimeti: mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umeisha. Asipokula, askofu wako anaitishia ngome ya a8.

Hayo ni ya mpinzani mwenye tamaa. Yupo mwingine, na huyu ndiye aliyenifundisha adabu. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Nikala e5, na kabla hajajibu nikapanga hatua yangu inayofuata, malkia h5, icheze yenyewe ili niokoe sekunde mbili. Yeye hakumla farasi. Alimtoa malkia wake hadi e7. Malkia wangu akaruka h5 kama nilivyomwamuru, akaja g6. Malkia na farasi wangu wote wakawa wanawindwa. Nikala g6 kwa farasi nikidhani nimejiokoa. Malkia wake akala e4 kwa cheki, na hatua iliyofuata akala farasi wangu. Sekunde mbili zilinigharimu kete nzima, na dakika nane zilizobaki nilizitumia kujilaumu.

Jibu sahihi kwa malkia e7 ni la kuchosha macho: mrudishe farasi f3. Malkia wake atakula askari wa e4, cheki, nawe toa askofu e2. Hesabu askari: mko sawa. Lakini malkia wake yuko katikati ya uwanja mapema mno na upande wake wa mfalme una tundu. Hifadhi mfalme wako pembeni, toa farasi c3 kumfukuza malkia, weka ngome e1 kwenye mstari wa mfalme wake. Kila anapomkimbiza malkia, wewe unatoa kete mpya. Adhabu hii haina chekimeti ya kuonyesha marafiki, ila ndiyo ile ile.

Kuhusu makosa mengine ya mwanzo, kama a6 au h6 hatua ya kwanza, usitafute damu. Kamata katikati kwa e4 na d4, toa farasi na maaskofu, basi.

Jambo moja la kuzuia tu: ukicheza mweusi, mtu akileta malkia h5 kwenye hatua yake ya pili, usikimbilie g6 kumfukuza. Atakula e5 kwa cheki na kuitazama ngome ya h8, mtego ule ule niliokueleza, safari hii ukiwa upande mbaya. Mlinde askari kwanza kwa farasi c6; g6 itakuja baada ya askofu wake kufika c4.