Jinsi ya Kuhamisha Salio la Kadi ya Safari kwenda Benki kwa Njia ya Mtandao

Kadi ya safari inayojazwa fedha za kigeni kabla ya matumizi hufanana na kadi ya benki kwa kila kitu kinachoonekana, lakini kwa kawaida haina akaunti ya benki nyuma yake. Imeundwa kwa ajili ya manunuzi na kutolea fedha kwenye mashine, hivyo mwenye kadi anayetafuta kitufe cha kutuma fedha kwa mtu mwingine mara nyingi hatakiona. Kinachopatikana kwenye kadi nyingi ni utaratibu wa kurejesha salio kwa mwenyewe, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililosajiliwa.

Hatua ya 1: Soma jedwali la ada. Ingia kwenye tovuti au programu ya mtoaji wa kadi, yaani benki au kampuni iliyokupa kadi hiyo, kisha tafuta ada tatu: ya kurejesha salio, ya kubadilisha sarafu, na ya kadi kukaa bila kutumika. Hii ya mwisho ndiyo hula salio kimyakimya, mwezi hadi mwezi, baada ya kadi kukaa muda mrefu bila muamala.

Hatua ya 2: Subiri miamala yote ikamilike. Hoteli na kampuni za kukodisha magari huzuia kiasi fulani cha fedha kama dhamana, na kiasi hicho hakihesabiki katika salio linaloweza kutolewa hadi kiachiliwe. Aidha, yapo malipo yanayochelewa kufika, kama vile ya vitu vilivyonunuliwa ndani ya ndege, ambako mashine huweza kupokea kadi bila kuwasiliana na mtoaji papo hapo. Ukiimaliza kadi kabla malipo hayo hayajaingia, salio litashuka chini ya sifuri na utadaiwa. Vivyo hivyo, kama kuna muuzaji anayetarajiwa kukurudishia fedha, usifunge kadi, kwa kuwa kwa kawaida marejesho hupitia kadi ileile iliyolipia.

Hatua ya 3: Amua fedha zibadilishwe wapi, na zibadilishwe mara moja tu. Hapa ndipo watu hupoteza zaidi, na mara nyingi hawatambui, kwa sababu gharama yenyewe haiandikwi kama ada bali imefichwa ndani ya kiwango cha kubadilishia. Tuseme una euro 200 na kila ubadilishaji unakata asilimia 3. Ukibadilisha mara moja utabaki na thamani ya euro 194. Ukihamishia kwanza kwenye mfuko wa dola ndani ya kadi, yaani sehemu yake inayotunza salio la dola, kisha benki ikabadilisha dola hizo kuwa sarafu ya akaunti yako, utabaki na euro 188.18. Linganisha kiwango unachopewa na kiwango cha kati cha soko cha siku hiyo, yaani kile kilicho katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu, na kama una akaunti ya benki katika sarafu ileile iliyomo kwenye kadi, peleka huko bila kubadilisha chochote, baada ya kuuliza benki yako inakata kiasi gani kwa fedha zinazoingia kutoka nje.

Hatua ya 4: Sajili akaunti ya kupokelea. Utaombwa jina kamili, namba ya akaunti au IBAN (namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa), na pengine msimbo wa SWIFT unaotambulisha benki, ambao una herufi na tarakimu 8 au 11. IBAN huanza na herufi mbili za nchi zikifuatiwa na tarakimu mbili za ukaguzi, ambazo hunasa makosa mengi ya uandishi. Hata hivyo haziwezi kukuambia kwamba akaunti ni ya mtu mwingine, hivyo nakili namba kutoka kwenye taarifa ya benki.

Hatua ya 5: Tuma ombi. Thibitisha kwa namba ya siri ya mara moja itakayotumwa kwenye simu yako. Ikiwa laini uliyosajili ilikuwa ya safarini, badilisha namba ya simu mapema. Namba hiyo ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kadi. Hifadhi namba ya kumbukumbu ya muamala.

Kama kadi yako haina huduma ya kurejesha salio, baadhi ya watu hujaribu kujaza pochi ya kidijitali kwa kadi hiyo na kutoa fedha kutoka huko. Njia hii hufanya kazi kwa baadhi ya kadi tu, kwa sababu malipo ya aina hiyo hubeba misimbo maalumu ya biashara, yaani namba zinazoonyesha aina ya biashara inayopokea malipo, kama 4829 ya utumaji fedha na 6051 ya miamala inayofanana na fedha taslimu, na mtoaji anaweza kuikataa au kuitoza kama utoaji wa fedha. Jaribu kwa kiasi kidogo kwanza. Kwa salio dogo, mimi huona ni heri kulitumia kwenye manunuzi ya mtandaoni yanayotozwa kwa sarafu iliyomo kwenye kadi. Ukiulizwa wakati wa kulipa kama ungependa kulipa kwa sarafu ya nchi yako, kataa.