PhD ya Anthropolojia na Elimu ya Juu: Tafuta Watu Kwanza, Jina la Kozi Baadaye

Kuna watu wengi hapa Nairobi wamemaliza MA, na sasa wanataka PhD ya kuchunguza chuo kikuu kianthropolojia, yaani ukae na makomredi (wanafunzi) kwa hosteli, ukae nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo (dean), uone vile pesa, vyeo na maksi zinatembea. Wanaingia Google wanaandika jina la hiyo kozi na hawapati kitu cha maana. Sababu ni kwamba kozi yenye hilo jina karibu haiko, lakini watu wanaofanya hiyo kazi wako, wametawanyika tu, huyu yuko idara ya anthropolojia, yule yuko skuli ya elimu, mwingine amejificha kwa senta ndogo.

Hatua ya 1: andika swali lako kwa sentensi mbili. "Nataka kuangalia maisha ya wanafunzi" haitoshi. Chukua huu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu vya Kenya ulioanza 2023, unaogawa wanafunzi kulingana na uwezo wa familia. Uliza: mzazi anaelezaje umaskini wake kwa fomu ya intaneti, na nani anamsaidia kuijaza pale saiba? Hilo ni swali la anthropolojia na ni la elimu ya juu pia, na prof akilisoma anajua mara moja kama linamhusu.

Hatua ya 2, na hapa usikimbie, ndio kazi yenyewe. Tafuta nani anaandika. Anza na jarida la Anthropology & Education Quarterly, la Council on Anthropology and Education iliyo chini ya American Anthropological Association, halafu Journal of Higher Education in Africa ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililo Dakar, halafu Learning and Teaching. Soma marejeo ya kila pepa iliyokugusa, utaona majina yanaanza kujirudia, yaweke kwa spredishiti: jina, chuo, idara, mwaka wa pepa ya mwisho. Kisha fungua tasnifu zenyewe, repositori za UoN (University of Nairobi) na KU (Kenyatta University) zinafunguka bure, na uende moja kwa moja kwa ukurasa wa shukrani, kwa sababu hapo ndio mwanafunzi anataja supavaiza wake, kamati yake na nani alilipa. Watu wanaruka huo ukurasa na mimi naona una habari kuliko broshua yoyote ya chuo.

Hatua ya 3: linganisha vyuo. Marekani, Teachers College ya Columbia ina PhD ya anthropolojia na elimu, na Stanford ina anthropolojia ya elimu ndani ya skuli yao ya elimu. Jua tu kwamba wanaanthropolojia wa elimu wengi wanaandika juu ya shule za watoto, na idara za elimu ya juu nyingi zinapenda sana takwimu na uongozi, kwa hivyo uliza mapema kama kamati yako inaweza kuwa na watu wa pande zote mbili. Denmark, skuli ya elimu ya Aarhus University, yenye kampasi Copenhagen, ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu Susan Wright amejenga pale anthropolojia ya vyuo vikuu vyenyewe, na kule PhD ni kazi ya mshahara, kawaida miaka 3. Angalia kama bado anachukua wanafunzi, kama hachukui fuata walioandika naye.

Na tafadhali usiruke Afrika. Makerere, Uganda, kuna MISR, taasisi ya utafiti wa jamii, PhD yao inaanza na kozi za darasani, haikuachi peke yako na proposo, na Mahmood Mamdani aliyeiongoza alichapisha 2007 uchunguzi wa vile Makerere yenyewe iligeuzwa biashara. University of Johannesburg iko na senta ya masomo ya elimu ya juu iliyopewa jina la Ali Mazrui, mtu wetu wa Mombasa. Rhodes University, huko huko Afrika Kusini, pia iangalie. Kama umeajiriwa na huwezi kuacha kazi, angalia Lancaster ya Uingereza, wana PhD ya elimu ya juu ya kufanya pole pole ukiwa mbali.

Hatua ya 4: imeili kwa prof unayemtaka. Aya tatu fupi, taja pepa yake moja uliyosoma kweli na swali lako, uliza kama anachukua wanafunzi mwaka ujao na kama kuna ufadhili. Usitume ile barua moja kwa maprofesa wote, wanaijua. Pia waandikie wanafunzi wake wa sasa uwaulize anachukua muda gani kurudisha chapta.

Hatua ya 5: pesa na makaratasi. Soma barua ya ofa polepole: karo imefutwa yote? stipendi ni ya miaka mingapi? bima ya afya iko? EdD, yaani udaktari wa elimu unaolenga watu wa kazini, si PhD, usichanganye. Dedlaini nyingi za Marekani ni Desemba, kwa hivyo barua za marefarii (walimu watakaokupendekeza) omba Septemba, mhadhiri wako ako na maskripti ya kumaki. Na kama utarudi kufanya filidiwaki hapa Kenya, hata chuo chako kikiwa Copenhagen utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, na kila kampasi utakayoingia itataka barua yake, weka miezi ya kungoja hizo karatasi kwa ratiba ya proposo kabla hujaituma.