Ukitumwa kumhudumia mgonjwa wa akili katika nyumba ya Wakorea

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu ni kutembelea wagonjwa wa akili majumbani hapa Los Angeles, na nyumba nyingi ninazoingia ni za Wakorea wa Koreatown. Waswahili wenzangu mnaofanya kazi hii Marekani, nawaandikia ninyi.

Kwanza mtafute anayeuguza. Mara nyingi ni mama, na kwenye faili la kliniki hatajwi kabisa. Wakorea wengi waliingia nchini humu baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, na wengi wakafungua maduka ya vyakula na dobi ambayo familia nzima hufanya kazi kutwa. Usipange miadi saa nne asubuhi kisha ukaandika kwamba familia haishirikiani. Uliza duka hufungwa saa ngapi.

Mlangoni vua viatu. Ukipewa kitu, pokea kwa mikono miwili. Mama mtu mzima usimwite kwa jina lake. Mwite eomeoni, kama sisi tunavyosema mama.

Usianze na jina la ugonjwa. Uliza usingizi, uliza chakula, uliza kifua. Mama anaweza kukwambia kifua chake kinawaka moto na kuna kitu kimemkaba. Wakorea huita hwabyung, maradhi ya hasira na uchungu uliomezwa kwa miaka. Hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 1994 uliyataja. Msikilize mpaka amalize, maana anayeuguza naye anaumwa. Wengi wamelelewa wakiamini kwamba moyo wa mama akiwa mjamzito ndio humjenga mtoto, hivyo kijana akipatwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, mama hujihukumu, na wakwe nao humhukumu. Mwambie waziwazi, mumewe na mama mkwe wakisikia, kwamba hakuusababisha yeye. Jambo hili lirudie kila ziara.

Siri yao iheshimu. Wanaficha kwa sababu dada wa mgonjwa bado hajaolewa na watu watasema ugonjwa uko kwenye damu. Kwa hiyo mkalimani asiwe muumini wa kanisa lao. Tumia wa simu, aliye mji mwingine, na usimtajie jina la familia. Mtoto mdogo asikalimani: sheria ya shirikisho hairuhusu kliniki zinazopokea fedha za serikali kumtegemea, ila kwa dharura. Mchungaji aitwe wakitaka wao.

Wakikuonyesha hanyak, dawa zao za mitishamba, usikunje uso. Omba kupiga picha ya pakiti, umpelekee mfamasia aone kama zinagongana na dawa za hospitali.

Mgonjwa akiwa mtu mzima, daktari anaweza kukataa kumweleza mama chochote. Lakini sheria haimzuii mama kumweleza daktari. Msaidie kuandika barua: analala saa ngapi, lini aliacha dawa, nini kilibadilika.

Namba 988, simu ya msaada kwa mtu anayetaka kujiua au aliyezidiwa na maradhi ya akili, inayofanya kazi nchi nzima tangu 2022, ibandike kwenye friji. Ikibidi kuita polisi, neno la kwanza liwe kwamba huyu ni mgonjwa wa akili.

Kabla ya kuondoka, muulize mama nani humpokea zamu. Akisema hakuna, liandike kwenye faili kama unavyoandika kipimo cha dawa, na umwombee msaidizi wa nyumbani.