Namna ya Kupata Nguo za Watoto Zisizofanana na za Wengine Jijini Dodoma

Aliyewahi kuhudhuria ubatizo au sherehe ya Idi hapa Dodoma huenda ameshuhudia watoto watatu wa familia tatu tofauti wakiwa wamevaa gauni lilelile la neti, lenye ua lilelile kiunoni, na mama zao wakitazamana kwa tabasamu la aibu. Sababu yake si ngumu kuielewa. Wafanyabiashara wengi wa nguo mpya za watoto hufunga mzigo Kariakoo, mara nyingi katika maghala yaleyale, kisha huupanga katika maduka ya One Way na ya mitaa mingine ya katikati ya mji, hivyo duka la kwanza likikuonyesha nguo fulani, la nne litakuonyesha hiyohiyo kwa bei nyingine. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwezi Julai 2024, wazazi kadhaa wamejaribu kwenda wenyewe hadi Mtaa wa Kongo, hukohuko Kariakoo, na kurudi siku hiyohiyo, lakini wanachokipata huko ni nafuu ya bei tu, kwa kuwa chemchemi ni moja. Anayetaka nguo yenye upekee anapaswa kuitafuta mahali pengine, yaani katika mitumba, katika vitambaa vyetu wenyewe na katika mikono ya fundi cherehani.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kuitazama hali ya hewa. Jiji hili limeinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya alfajiri humtaka mtoto avae sweta, ilhali saa saba mchana jua humtaka abaki na fulana. Kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine humfaa kuliko koti moja zito. Kisha kuna upepo na vumbi jekundu la kiangazi, ambalo halimsamehe mtu aliyempeleka mtoto kucheza akiwa na suti nyeupe. Rangi ya udongo, ya haradali, ya kahawia, ya damu ya mzee na bluu iliyokolea huvumilia vumbi hilo na, kwa maoni yangu, huipendeza ngozi ya mtoto wa Kiafrika kuliko waridi hafifu na samawati hafifu ambazo maduka yametuzoeza.

Jambo la pili ni kipimo. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa takriban sentimita 50, na anapotimiza mwaka mmoja huwa amekaribia sentimita 75, huku uzito wake ukiwa umeongezeka mara tatu hivi. Ndiyo maana nguo nzuri ya miezi mitatu huvaliwa mara chache sana, na fedha nyingi ni afadhali zitumike kwa mtoto aliyevuka mwaka, ambaye kasi ya kukua imepungua. Ukiona lebo yenye namba 62, 74 au 86, fahamu kwamba hiyo ni sentimita za urefu wa mtoto kwa mtindo wa Ulaya, wala si umri. Nguo za Uingereza huandikwa miezi, nazo za China mara nyingi huandikwa 90 au 100, ambazo pia ni sentimita. Mpime mtoto nyumbani kwa futi ya fundi, andika urefu wake, na uende sokoni ukiwa na namba hiyo.

Katika mitumba ndipo hazina ilipo, ingawa haimfikii mwenye haraka. Soko la Sabasaba lina wauzaji wengi, na mnada wa Msalato, ambao wengi huukumbuka siku ya Jumamosi kwa sababu ya nyama choma, pia una mafungu ya nguo yanayofaa kuchambuliwa kabla ya kukaa mezani. Muulize muuzaji siku anayofungua belo, nawe ufike asubuhi ya siku hiyo. Usivutwe na picha iliyochapwa kifuani, kwa maana picha ndiyo huchakaa kwanza. Igeuze nguo nje ndani, utazame mshono, uvute lastiki, upandishe na kushusha zipu, kisha uiinue kwenye mwanga ili uone madoa na matundu. Vitu vya kuwinda ni kodrai, jinzi laini, kitani, sweta zilizofumwa kwa mkono na magauni yenye mikunjo midogo iliyoshonwa kifuani, kwa kuwa kazi ya namna hiyo ikishonwa upya ingekugharimu sana.

Jicho lililozoea halitazami fungu la watoto peke yake. Shati la kitani la mwanamume mzima ni kitambaa kizuri kinachouzwa kwa bei ya shati. Fundi akilikata kuanzia chini ya makwapa, hupata gauni la msichana wa miaka miwili lenye vifungo tayari mgongoni, na mikono yake hutoa mifuko na kofia. Suruali ya kodrai ya mtu mzima hutoa ovaroli ya mvulana, na goti lililochakaa haliingii katika mkato. Nguo kama hizo hazitakutana na pacha wake kanisani.

Nguo za ndani za mtoto, hata hivyo, zinunuliwe mpya. Nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kuuzwa nchini, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limekuwa likizikamata sokoni. Nguo nyingine za mtumba zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani hadi zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi pande zote mbili pamoja na mishono. Pasi hiyo si ya urembo tu, kwani kuna aina ya nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kusababisha vijipu. Moto wa pasi huyaua mayai hayo. Nguo iliyohifadhiwa na vidonge vya nafthalini isiguse mwili wa mtoto mchanga hata kama inanukia usafi, kwa sababu mvuke wa dawa hiyo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao si wa nadra katika nchi zenye malaria.

Sasa tuje kwenye khanga na kitenge. Khanga humpokea mtoto siku anayozaliwa, na khanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa ndiyo inayomfaa hasa mchanga. Lakini wengi husahau kwamba khanga ina pindo, mji (eneo la katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na kwamba sehemu hizo tatu ni ramani ya gauni. Mwambie fundi alaze pindo liwe ukingo wa chini, mji uwe kifua, na jina lizunguke sketi bila kukatwa katikati ya neno. Ni lazima jina lipimwe kabla ya mkasi kuingia, la sivyo "Wema hauozi" itasomeka nusu mbele na nusu kwapani. Lisome vizuri pia kabla ya kununua, maana majina mengi ya khanga ni vijembe vya watu wazima, na mtoto wa miaka mitatu hana ugomvi na jirani.

Kitenge kina kasoro moja iliyonifunza kwa hasara. Nilimpelekea fundi kitambaa kikiwa na gundi yake ya kiwandani, akakishona kwa ustadi, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza gauni likapanda juu ya magoti na kola yake nyeupe ikawa na rangi ya zambarau. Kosa lilikuwa langu. Kitambaa kilowekwe usiku mzima katika maji baridi, kifuliwe peke yake, kikauke na kipigwe pasi ndipo kiende kwa fundi. Ukitaka kujua kama ni pamba, omba uzi mmoja uuchome: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa joto la Oktoba hapa Dodoma, poliesta ni mateso kwa mtoto.

Fundi apelekewe nguo inayomtosha mtoto vizuri iwe kipimo, pamoja na mchoro hata kama ni mbovu, kwa kuwa maneno matupu huishia kwenye mtindo anaoushona kila siku. Mwombe aache pindo la sentimita tano la kushushwa baadaye, apige oveloki ndani, na aweke bitana ya pamba laini mahali ambapo mshono unagusa shingo. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kulinganisha na mwili wake, hivyo shingo ifunguke begani au mgongoni. Kamba zisiwekwe shingoni wala kwenye kofia ya koti, kwa kuwa humnasa na kumkaba, na viwango vya Ulaya huzikataza hapo kwa watoto walio chini ya miaka saba. Vifungo na shanga zinazong'oka ni hatari kwa aliye chini ya miaka mitatu, basi kila kifungo kivutwe kwa nguvu kabla nguo haijapokelewa.

Upekee hauhitaji mapambo mengi. Herufi moja ya jina la mtoto iliyodariziwa mfukoni, vifungo vya kifuu cha nazi, au kola iliyofumwa na bibi, kimojawapo kinatosha. Viwili vikikutana, nguo huanza kupiga kelele.

Kazi ipelekwe mapema, wiki tatu kabla ya sikukuu, na kwa nguo za Krismasi iwe Novemba, kwa sababu kuanzia Desemba mafundi hufurikwa na sare za shule zinazohitajika Januari. Gauni likishabana, pindo hushushwa. Likibana tena, hukatwa likawa blauzi, na ule ukanda wenye jina la khanga hutunzwa kwa ajili ya gauni la mdogo wake.