Paella na tapas Unguja na Pemba: uliza nini kabla ya kuagiza

Paella, chakula cha Kihispania, ni wali kwanza, vya baharini baadaye. Ukiichagua kwa ukubwa wa kamba kwenye picha ya menyu umeanza vibaya, kwa sababu kamba wazuri Unguja si adimu. Adimu ni mchele wake, zafarani yake, na mpishi atakayekubali kusimama jikoni dakika 40 kwa ajili ya meza moja.

Tafuta pale wageni wa Ulaya wanapokaa: Mji Mkongwe upande wa Shangani, Nungwi na Kendwa kaskazini, Paje na Jambiani kusini mashariki. Bango lenye neno Hispania si ushahidi. Ushahidi ni menyu isemayo kwamba paella ni ya watu wasiopungua 2 na inachukua dakika 40 hadi 45. Hapo kila oda inapikwa upya. Paella ya mtu mmoja inayofika baada ya dakika 10 ilipikwa mapema na kupashwa moto, na kamba wake wamekakamaa kwa kuiva mara mbili. Uliza pia kama bei iliyoandikwa ni ya mtu mmoja au ya kikaango kizima, maana ugomvi mwingi wakati wa kulipa huanzia hapo.

Piga simu asubuhi kwa chakula cha usiku, uliza mambo matatu.

La kwanza, mchele gani? Unataka punje fupi na nene. Wa Hispania uitwao bomba hunyonya supu kiasi cha mara 3 ya ujazo wake bila kupasuka, ndiyo maana ladha inaingia ndani ya punje. Arborio ya Kiitaliano inakubalika iwapo haikorogwi. Ikikorogwa hutoa wanga na kunata. Wakikwambia basmati, utaletewa pilau ya vya baharini. Ni chakula kizuri, lakini usikilipie bei ya paella.

La pili, zafarani au bizari ya manjano? Zafarani hutoa rangi ya dhahabu iliyotulia, na nyuzi zake nyekundu huonekana hapa na pale. Wali wenye manjano makali, kila punje sawasawa, umetiwa bizari au rangi ya chakula. Rangi si kosa kubwa, hata majumbani Hispania huitumia. Bizari ndiyo inayoharibu, kwa kuwa harufu yake humeza ile ya paprika (unga wa pilipili nyekundu) na nyanya iliyokaangwa. Tui, iliki na mdalasini havina kazi humu. Aliyezoea biriani ya Unguja anaijua harufu ya zafarani, basi aiamini pua yake. Na si ajabu, kwani kilimo cha mpunga na cha zafarani kilipelekwa Hispania na Waislamu walioitawala Andalusi, yaani Hispania ya zama zile.

La tatu, nguruwe na mvinyo. Usione haya kuuliza, wala usidhani unaipunguzia paella chochote. Ile ya asili ya Valencia, huko Hispania, ina kuku, sungura, maharage mabichi na maharage meupe makubwa. Chorizo, soseji ya nguruwe, haimo, na watu wa huko hukasirika wakiiona. Mwaka 2021 serikali ya jimbo la Valencia iliitangaza paella kuwa urithi wa utamaduni. Sema wazi: bila chorizo, bila mvinyo kwenye supu. Supu nzuri hutoka kwenye vichwa vya kamba na mifupa ya samaki, kwa hiyo uliza pia kama wanaichemsha wenyewe au wanatumia vidonge vya supu.

Kikifika mezani, kitazame kikaango. Cha watu 2 kina upana wa sentimita 30 hivi, na wali ndani yake haufiki kina cha sentimita 2. Ukiwa mnene zaidi umeiva kwa mvuke: chini umelainika, juu una kiini. Punje ziwe zimeachana kidogo, pasiwe na supu inayotuama. Subirini dakika 5 kabla ya kuanza. Kisha wekeni kikaango katikati, kila mtu ale upande wake kwa kijiko, kama kwenye sinia.

Sasa kwangua chini. Ukoko wake, socarrat kwa Wahispania, ndio tuzo ya paella: wa kahawia, mkavu, wenye utamu wa mafuta na supu iliyokauka. Ukiwa mweusi na mchungu katikati tu, jiko lilikuwa dogo kuliko kikaango. Uache, kula pembeni. Ukikosekana kabisa, basi wali ulikorogwa au moto haukuongezwa mwishoni. Limau kamulia upande wako tu, uonje kwanza.

Tapas ni sahani ndogo za kugawana. Mkisubiri paella, sahani 2 kwa watu 2 zinatosha. Zikiwa ndizo chakula chenyewe, agizeni 4 au 5, mbili mbili, zisipoe mezani. Pweza kwanza, pulpo a la gallega: vipande vyenye unene wa sentimita moja juu ya viazi vya kuchemsha, mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na paprika. Muagize siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na wavuvi wakashuka mwambani, ndipo aliye mbichi hupatikana kwa wingi. Gambas al ajillo ni kamba kwenye mafuta yenye kitunguu saumu. Yafike yakitokota, na kitunguu kiwe cha dhahabu, kwani kikiungua mafuta yote huwa machungu. Agiza mkate wa kuchovya. Croquetas, yaani vidonge laini vya kukaanga, uliza ndani mna nini, na kama ngisi wanakaangwa kwenye mafuta yale yale: zenye jamón ni nyama ya nguruwe.

Kusi likivuma kwa nguvu, mashua ndogo nyingi hazitoki. Siku hizo chagua paella ya kuku.

Pemba hoteli za namna hii ni chache. Toa oda siku moja kabla, na kama una zafarani yako nzuri, nenda nayo: gramu 0.2 zatosha watu 4.