Laptopu mpya ya kazi: ipange iweze kazi hata umeme na bando vikikata

Kabla hujaiwasha, igeuze. Chini kuna karatasi ndogo yenye namba ya mashine. Iandike kwenye daftari, piga picha karatasi hiyo na risiti, kisha picha hizo zitume kwa mtu mwingine unayemwamini. Mwaka 2023 nilitoka Iringa na basi la jioni, begi nikaliweka kwenye keria ya juu, nikasinzia. Nilipofika Mbeya begi lilikuwepo, laptopu haikuwepo. Nilipokwenda kutoa taarifa niliulizwa namba ya mashine, sikuwa na la kujibu.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa ndani ya diski. Sisi ni watu wanne, ofisi yetu iko Mwanjelwa, na tunatengeneza mifumo ya mizani na malipo kwa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa huko Mbozi. Mashine ile ilikuwa na funguo za seva saba, na diski haikuwa imefungwa. Aliyeichukua angeweza kuitoa, kuichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma kila kitu bila kuulizwa nenosiri. Ndiyo maana kazi ya kwanza kwangu siku hizi ni kufunga diski, na hufanyika siku ya kusakinisha, kabla faili lolote halijaingia.

Mimi natumia Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Faili lake la kusakinishia linakaribia GB 6, kwa hiyo lipakueni mara moja kwa ofisi nzima, mlikague kwa `sha256sum` kama limefika zima, kisha liwe kwenye flashi moja inayozunguka. Unapofika hatua ya diski, usibonyeze kuendelea kwa mazoea. Fungua machaguo ya ziada uchague kusimba diski yote, yaani kuifunga kwa nenosiri. Nenosiri liwe maneno matano yasiyohusiana, na ukichanganya la Kinyakyusa au Kisafwa ni vizuri zaidi. Liandike kwenye karatasi ibaki nyumbani, kwa sababu ukilisahau hakuna fundi atakayekufungulia. Kama ofisi inataka Windows, sawa, washa BitLocker, kifunga diski cha Windows, ufunguo wake wa dharura ukae nje ya mashine hiyo, halafu fanya kazi zako ndani ya WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux.

Masasisho ya kwanza yafanyie kwenye Wi-Fi ya ofisi au kwa bando la usiku. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua Wi-Fi ya simu yako, uieleze mashine kwamba huo ni mtandao wa kupimwa. Usipofanya hivyo, unawasha simu ili utume faili dogo tu kwa mteja, kumbe nyuma yake masasisho yanamaliza bando la wiki.

Saa nayo uiangalie mapema: `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Ukiwa na Windows na Ubuntu kwenye mashine moja, zinaweza kupishana saa tatu, kwa kuwa moja huisoma saa ya ndani kama ya hapa kwetu na nyingine kama UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwetu hilo si dogo. Kahawa iliyopimwa saa mbili asubuhi inaandikwa saa kumi na moja alfajiri, na mkulima ana haki ya kuuliza nani alikuwa kwenye mzani muda huo.

Sasa funguo za kuingilia seva (SSH). Usinakili za mashine ya zamani. Tengeneza mpya:

`ssh-keygen -t ed25519 -C "mbeya-laptopu-2025"`

Hayo maneno ya mwisho usiyaruke. Usiku ule wa wizi nilikaa hadi alfajiri nikiingia seva moja baada ya nyingine kwa laptopu ya mwenzangu. Nafungua `~/.ssh/authorized_keys`, nakuta mistari minne au mitano, kila mmoja ni ufunguo wa mtu, na mwishoni mwa mitatu imeandikwa `ubuntu@ubuntu`. Upi wa kwangu? Sikujua. Nikafuta yote mitatu, na asubuhi wenzangu wawili hawakuweza kuingia kazini. Jina likiwa wazi, unafuta mstari mmoja ukalale. Ufunguo nao uupe nenosiri lake. Faili lenye `.pub` ndilo unalogawa, hilo jingine lisitoke kwenye mashine kwa njia yoyote, hata kwa WhatsApp kwa dakika moja.

Kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, weka jina na barua pepe yako ya kazi, kisha vuta miradi. Hapa ndipo wengi hupoteza bando, kwa sababu `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Raouta ikizima kwenye asilimia 90, umeliwa. Vuta kwanza hali ya sasa tu kwa `git clone --depth 1`, kisha historia uifuate baadaye kwa `git fetch --unshallow`. Njia ninayoipenda zaidi ni flashi. Mwenzako mwenye mradi kamili anaandika `git bundle create mzani.bundle --all`, anakupa faili, nawe unaandika `git clone mzani.bundle`. Historia yote inaingia bila kutumia hata MB moja. Ukimaliza, elekeza `origin`, yaani anwani mradi unakovutwa, kwenye seva kwa `git remote set-url`.

Maktaba za Python nazo tunazibeba hivyohivyo. Wa kwanza kupakua anatumia `pip download -r requirements.txt -d maktaba`, wengine wanasakinisha kwa `pip install --no-index --find-links maktaba -r requirements.txt`. Toleo la Python na aina ya mashine vifanane, la sivyo baadhi zitagoma.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, iwe toleo lilelile la seva. Data ya kujaribia itunge mwenyewe. Usishushe orodha halisi ya wakulima, majina na namba zao za simu, eti upate mfano mzuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, watu wale walitupa namba zao ili walipwe.

Kama unatengeneza programu za Android na RAM yako ni GB 8, achana na simu ya kuigiza. Chomeka simu halisi kwa waya, washa hali ya watengenezaji, uione kwa `adb devices`.

Kuhusu betri, wapo wanaoizuia isipite asilimia 80 ili idumu, na ni ushauri mzuri. Mimi msimu wa mvua naiacha ijae, kwa sababu nazihitaji saa zile. Radi ikianza kunguruma upande wa mlima Loleza, nachomoa chaja ukutani bila kungoja.

Kila amri uliyoandika hadi hapa iweke kwenye faili moja, mimi naliita `anza.sh`, na nakala yake iwe kwenye seva ya ofisi. Kisha zima raouta, zima data ya simu, chomoa chaja, ufanye kazi saa nzima: fungua mradi, endesha majaribio, badilisha kitu, fanya `git commit`. Kinachogoma ndicho kilichosahaulika. Kwenye mashine hii ukurasa wa mzani ulifunguka ukiwa umevurugika, vitufe vimepandana, kwa sababu faili la mtindo (CSS), linalopanga mwonekano, lilikuwa linavutwa kutoka mtandaoni kila mara. Nikalileta ndani ya folda ya mradi. Wiki iliyofuata niliupeleka Mbozi, mtandao ukapotea foleni ya magunia ikiwa ndefu, na karani akaendelea kupima bila kuniita.