Treni ya mizigo ya mezani, Masasi hadi bandarini Mtwara

Treni ndogo ya mfano ya kuzunguka tu duara mezani inachosha. Hapa Mtwara mimi naipa kazi: Masasi hadi bandarini, kama ile reli ya mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza iliyong'olewa miaka ya 1960. Ilikuwa ya upana wa mita moja, hivyo kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kidogo mara 87 kuliko halisi, tumia njia ya upana wa milimita 12.

Kila behewa liandikie kadi: limebeba nini, linashushwa wapi. Korosho zishuke bandarini, saruji na mafuta viende bara. Changanya kadi, chomoa tano, panga treni. Utamu uko hapa. Behewa la kituo cha kwanza lifuate kichwa. Mkia, yaani mabehewa mengine, usimame kabla ya swichi, pale reli ya pembeni inapochepuka. Ukate, vuta kichwa na behewa lake mpaka vipite swichi, badili njia, kisha rudi nyuma uliingize pembeni. Kama njia ya pembeni inachepukia mbele, upande treni inakoelekea, usihangaike, liache hadi safari ya kurudi.

Mwendo? Mita moja kwa sekunde kumi hivi, sawa na kilomita 30 kwa saa kwa treni halisi. Wapwa zangu wanalalamika inatambaa. Nawapa kadi, wapange wao.